Shajara ya mradi: karatasi moja ya kupima presha nyumbani

Jumatatu. Kazi yenyewe

Kazi niliyopewa ni karatasi moja, pande mbili, ya kumwelekeza mtu ajipime presha nyumbani kwa mashine ya kidijitali, ile ya kufunga mkanda juu ya kiwiko na kubonyeza kitufe kimoja. Mashine zinagawiwa kwa wagonjwa, wanaondoka nazo, wanarudi na daftari lenye namba. Daktari anaziangalia namba hizo na hajui azifanyie nini, maana hajui zimepimwaje. Aliyepima akiwa ametulia kitini na aliyepima akiwa amesimama huku anaongea na simu, wote wameandika namba mbili na mstari katikati.

Karatasi ya zamani ipo. Inaanza na shukrani kwa mtumiaji, inafuata aya ya presha ni nini, halafu sentensi za namna hii:

"Inashauriwa kwamba mkanda uwe umefungwa ipasavyo mkononi na mtumiaji ahakikishe kuwa haujabana kupita kiasi kabla ya kipimo kuanzishwa."

Sarufi haina neno. Ila ukimaliza kuisoma, mikono haijui ianzie wapi. Nani anashauri? Ipasavyo ni vipi? Kiasi gani ndicho kimepitwa? Nimeichapa kwa herufi kubwa na kuibandika ukutani mbele ya meza, nisije nikaisahau.

Mipaka tuliyokubaliana na muuguzi anayesimamia mradi: hatuelezi presha ni nini, hatuelezi dawa, hatuelezi kutengeneza mashine iliyoharibika. Karatasi inaanza mtu akiwa na mashine mbele yake, inaisha namba zikiwa zimeandikwa. Kila kinachotaka kuingia na hakimo kati ya ncha hizo mbili kinabaki nje. Nimepingwa kidogo kwenye "presha ni nini", nikashikilia hapo hapo. Aliyekabidhiwa mashine ameshaambiwa kwa nini amekabidhiwa.

Jumanne. Kutazama tu

Leo sijaandika maelekezo yoyote. Nimemwomba muuguzi ajipime mbele yangu, kisha ajipime tena huku ananieleza anachofanya. Hiyo ya pili ndiyo iliyonipa kazi, kwa sababu alichosema na alichofanya vilikuwa vitu viwili. Alisema: nakaa, nafunga mkanda, nabonyeza. Lakini kwanza alivua mkono mmoja wa sweta badala ya kuukunja. Akasogea kitini mpaka mgongo ukagusa egemeo. Akatelezesha faili nene chini ya kiwiko mpaka mkanda ukawa usawa wa kifua. Akageuza kiganja juu, akanyamaza. Hakutaja hata kimoja kati ya hivyo. Nilipomuuliza akacheka: "Kwani hivyo si kila mtu anajua?"

Ndiyo shida ya kumwachia fundi aandike maelekezo ya ufundi wake peke yake. Mkono wake umeshazoea, na kilichozoeleka hakionekani tena. Kwa hiyo mtu wa kuandika akae pembeni na kalamu, aandike anachokiona mkono ukikifanya, si anachosikia mdomo ukikisema.

Na hivyo visivyotajwa ndivyo vinavyoyumbisha namba. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walichapisha utafiti wa watu wazima 133, wakilinganisha namba mkono ukiwa umeegemezwa mezani, ukiwa umelazwa mapajani na ukiwa unaning'inia. Mapajani, namba ya juu ilipanda kwa karibu milimita 4 za zebaki, ndicho kipimo cha presha. Ukining'inia, kwa karibu 6.5. Sababu yake ni ya kifizikia tu: damu ina uzito. Mkanda ukishuka sentimita 10 chini ya moyo, uzito wa damu hiyo peke yake unaongeza karibu milimita 8. Weka juu yake kukunja nne, kibofu kilichojaa, mazungumzo, na mkanda mdogo kuliko mkono, ambavyo vyote hupandisha namba, na unampata mtu anayeonekana mgonjwa kuliko alivyo.

Karatasi ya zamani ina aya nzima juu ya kitufe na nusu sentensi juu ya kuegemeza mkono. Wino umekwenda kwenye kitu ambacho hakuna anayekikosea. Nimeandika pembeni: wino uende panapokosewa.

Jumatano. Msomaji wetu ana mkono mmoja

Hili nililigundua nikiwa nimejifunga mkanda mwenyewe na karatasi nimeishika. Ukishaufunga mkono wa kushoto na kuulaza mezani, umebaki na mkono wa kulia tu. Karatasi lazima iwe mezani. Kama miwani imewekwa kando wakati wa kuvua sweta, imebaki kando. Kugeuza ukurasa ni taabu. Na mashine ikianza kujaza upepo, hutakiwi kusogea wala kuongea, na watu wengi husoma kwa midomo, kwa sauti ya chini. Mtu anaweza kabisa kuharibu kipimo kwa kusoma kwa sauti hatua inayomwambia anyamaze.

Kutokana na hapo maamuzi kadhaa yamejipanga yenyewe:

Hatua zote za kupima ziwe upande mmoja. Herufi ziwe kubwa, mtu azisome karatasi ikiwa mezani na yeye ameegemea kiti. Na chochote anachotakiwa kukijua wakati mkanda unajaa, akisome kabla hajabonyeza. Kwa hiyo hatua ya kubonyeza haitasema "Bonyeza kitufe kisha tulia." Itasema: "Kuanzia sasa usiongee, usisogee. Bonyeza kitufe kikubwa cha buluu. Subiri mpaka namba zisimame."

Hapo nimekutana na jambo ambalo nadhani ndilo la kwanza katika kazi hii yote: mpangilio wa vitenzi kwenye sentensi uwe ndio mpangilio wa mikono. "Bonyeza kitufe baada ya kufunga mkanda na kuegemeza mkono" ni sentensi fupi na ni safi, lakini mkono wa msomaji unakwenda kwenye kitufe akifika neno la pili. "Kabla ya kubonyeza kitufe, egemeza mkono" ni nafuu kidogo tu, kwa sababu bado kubonyeza kumetajwa mwanzo. "Egemeza mkono. Bonyeza kitufe." Basi. "Baada ya" na "kabla ya" nimezifuta karibu zote. Kazi zinayoifanya inafanywa vizuri zaidi na kufuatana kwa hatua.

Masharti nayo yatangulie tendo. "Vua mkono wa nguo ikiwa ni ya mikono mirefu" inamvua nguo hata mwenye mikono mifupi. "Kama nguo ina mikono mirefu, vua mkono mmoja." Yule asiyehusika anajua mapema kwamba hahusiki, anapita.

Alhamisi. Rasimu, na suala la adabu

Rasimu imetoka kwa amri tupu: kaa, vua, funga, egemeza, bonyeza, andika. Mwenzangu wa ofisini ameisoma na kukunja uso. "Utamwambia mzee wa watu 'kaa', hivi hivi?" Anataka "tafadhali" kila hatua, au basi "ukae, ufunge, ubonyeze".

Hoja yake nimeichukulia kwa uzito, maana si ya kipuuzi. Ana kwa ana humwambii mzee "kaa" bila kitu. Unamwambia "kaa hapa, mzee wangu", na sauti inafanya kazi yake. Karatasi haina sauti. Lakini "ukae, ufunge, ubonyeze" zikifuatana zinasomeka kama maagizo uliyopewa umpelekee mtu mwingine. Na "tafadhali" ikirudiwa kila hatua, jicho linaanza kuiruka, na likishazoea kuruka mwanzo wa mstari linaruka na kitenzi kinachofuata. Tumepatana hivi: sentensi moja ya heshima juu kabisa, "Karibu. Fuata hatua hizi moja baada ya nyingine," kisha amri tupu hadi mwisho. Heshima nyingine tutampa kwa kutompotezea muda. Mwenzangu hakuridhika sana. Tumewaachia wajaribu waamue.

"Unapaswa kufunga", "inatakiwa kufungwa", "mkanda ufungwe": zote nje. "Mkanda ufungwe" ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu haisemi na nani. Mgonjwa mmoja wa zamani, nimeambiwa, alikuwa akisubiri jirani aje amfungie.

Kisha nikaanza kuwinda "hakikisha". Katika karatasi ya zamani imejaa tele: hakikisha mkanda haujabana, hakikisha mkono uko sawa, hakikisha mashine iko tayari. "Hakikisha" inamkabidhi msomaji kazi bila kumpa kifaa cha kuifanyia. Kila nilipoikuta nilijiuliza: atajuaje? Nikijibu swali hilo, hatua imeshajiandika. Mfano mmoja niuweke hapa mzima, kwa sababu ndio ulionifundisha zaidi.

Zamani: "Hakikisha mkanda haujabana sana wala kulegea."

Sasa: "Ingiza vidole viwili kati ya mkanda na ngozi. Visipoingia, legeza. Vikiingia na nafasi ikabaki, kaza."

Ya sasa ni ndefu zaidi ya mara mbili. Nilisita kidogo, maana bango langu la mradi linasema "wazi na fupi". Lakini ya zamani msomaji anaisoma, anasimama, anautazama mkanda, anaubonyeza kwa kidole, anarudi kuisoma tena, mwishowe anakisia. Ya sasa anaipita bila kusimama. Ufupi ninaouhesabu ni wa muda kati ya macho kusoma na mkono kutenda. Kwa hesabu hiyo maneno ya ziada hapa yanaokoa, na maneno machache ya "presha ni nini" yanapoteza.

Kuhusu urefu wa sentensi: watengenezaji wa ndege wa Ulaya wana kanuni zao za Kiingereza kilichorahisishwa, zilizotolewa kwa mara ya kwanza 1986 na sasa zinaitwa ASD-STE100, na humo sentensi ya maelekezo haitakiwi kuzidi maneno 20. Nimejaribu kuihamisha kama ilivyo, haihamishiki. Kiswahili kinabeba mtendaji, wakati na mtendwa ndani ya kitenzi kimoja. "Nimeufunga" ni neno moja na ni sentensi. Maneno 20 ya Kiswahili ni mzigo wa punda. Nimejiwekea kikomo cha maneno 10 kwa sentensi, na tendo moja kwa sentensi, isipokuwa pale matendo mawili ni mkupuo mmoja wa mkono. Yanayozidi nayakata au nayatetea.

Ijumaa. Maonyo

Siku fupi, nimekaa na muuguzi na daktari. Kanuni ya jumla naijua: onyo linakaa kabla ya hatua inayohusika, si baada yake na si kwenye kurasa za mwisho. Kazi ilikuwa kuligawa kila onyo mahali pake, kwa sababu yana nyakati tofauti.

Kahawa, sigara na mazoezi vinahitaji nusu saa kabla. Mtu akikutana navyo kwenye hatua ya 6 ameshakunywa kahawa na mkanda umeshafungwa. Hapo onyo linakuwa lawama. Vimekwenda juu kabisa, kwenye kisanduku chenye kichwa "Nusu saa kabla". Kwenda haja ndogo kumekuwa hatua ya 1.

Mkono usiofaa (wenye kidonda, wenye dripu, wenye mshipa uliotengenezwa kwa ajili ya kusafishia damu, au wa upande uliofanyiwa upasuaji wa titi na tezi za kwapa zikaondolewa) unatajwa kwenye hatua ya kuchagua mkono, kabla ya neno "funga".

Namba kubwa mno inakaa pale namba zinapoandikwa, maana hapo ndipo moyo unaporuka. Daktari ameandika maudhui, mimi nimepanga maneno: "Namba ya juu ikizidi 180, au ya chini ikizidi 120: tulia, pima tena. Ikiwa bado, na una maumivu ya kifua, unapumua kwa shida, mwili umelegea upande mmoja, huoni vizuri au huwezi kuongea vizuri: nenda hospitali sasa hivi. Ikiwa bado lakini huna dalili hizo: piga simu kliniki leo." Nilitaka kuikata zaidi, daktari akakataa kuacha dalili hata moja. Yuko sawa. Sehemu hii ndiyo pekee yenye rangi nyekundu kwenye karatasi nzima. Karatasi ya zamani ilikuwa na pembetatu za njano mpaka kwenye maelezo ya betri, na mtu akishaona pembetatu kwenye betri haiogopi tena kwenye kitu kingine.

Jumatatu. Majaribio

Tumeweka meza, kiti chenye egemeo, mashine na karatasi. Anayejaribu anakaa, mimi nakaa nyuma yake kidogo, sisemi. Kutosema ni kazi ngumu kuliko kuandika. Akiuliza, jibu langu ni moja: "Fanya kama ungekuwa peke yako." Sirekodi wanachofikiria kuhusu karatasi. Nikiwauliza watasema ni nzuri, kwa upole wao. Narekodi mahali mkono uliposimama.

Wa kwanza, mama wa makamo, alifika kwenye "Funga mkanda mkononi", akaufunga chini ya kiwiko, karibu na kifundo. Alikuwa makini, hakuruka chochote. Mkono kwetu unaanzia begani unaishia kwenye kucha, na saa pia huvaliwa mkononi. Karatasi ilimwachia achague, akachagua. Aliyemfuata akafanya vile vile. Hapo hapo, kabla hajaingia mwingine, nikabadilisha kwa kalamu: "Funga mkanda juu ya kiwiko. Acha nafasi ya vidole viwili kati ya kiwiko na ukingo wa mkanda." Waliofuata wote wakaufunga mahali pake. Vidole viwili vimetumika mara mbili sasa, hapa kwenye nafasi na pale kwenye kubana, na nilihofia watachanganya. Hawakuchanganya. Kipimo ambacho msomaji anatembea nacho kinashinda sentimita.

"Upande wa ndani wa mkono" nayo haikusimama. Mpira unaotoka kwenye mkanda unatakiwa ushuke kuelekea kiganjani. Nikaandika: "Geuza kiganja juu. Mpira ushuke katikati, kuelekea kidole cha kati." Mzee mmoja aliposoma hilo alinyoosha kidole cha kati, akautazama mpira, akausogeza. Tendo zima likaisha bila yeye kurudi kwenye karatasi.

Suala la adabu limejibiwa bila kuulizwa. Hakuna aliyelalamikia amri. Yule mzee alisoma "Kaa. Egemea." akasema kwa sauti, "Nimekaa, mwanangu," na kuendelea. Mwenzangu alikuwepo. Hatujalizungumzia tena.

Dakika 5 za kutulia kabla ya kupima ndizo zinazorukwa. Karibu kila mtu alikaa, akahesabu pumzi chache, akaendelea. Hapa ndipo nimeamua kuweka sababu. Kwa kawaida siweki sababu kwenye hatua; mtu anayetaka kufunga mkanda haihitaji nadharia ya mkanda. Lakini pale ambapo msomaji anaona anapoteza muda, sababu ya maneno machache inamshika: "Kaa kimya dakika 5. Ukipima mapema, namba itapanda bure." Sababu nyingine iliyobaki ni ya kuegemeza mkono. Hizo mbili tu.

Jumanne. Jedwali

Skrini inatoa namba tatu kwenda chini: ya juu, ya chini, mapigo ya moyo. Jedwali la zamani lilikuwa na safu tatu kwenda pembeni, na mapigo yakiwa ya kwanza, sijui kwa nini. Wajaribu walikuwa wakiandika mapigo kwenye nafasi ya namba ya chini. Sasa visanduku vitatu vimepangwa kwenda chini kama skrini, kila kimoja kikiwa na ukubwa unaokaribiana na namba yake. Maelezo ya jinsi ya kujaza jedwali yalikuwa mistari minne. Yamefutwa yote, hakuna aliyeyahitaji tena. Natamani sehemu nyingi zaidi zingefutika hivyo, kwa kubadilisha kitu chenyewe badala ya kukieleza.

Saa nayo. Mashine inaonyesha 7:00, mtu anaandika saa 1, mwingine anaandika 7, daktari anabaki kukisia kama ni asubuhi au usiku. Nimeondoa safu ya saa. Pana "Asubuhi" na "Jioni", na kila moja ina nafasi ya vipimo viwili, kwa kuwa daktari anataka viwili vilivyopishana angalau dakika 1.

Jumatano. Ubishi wa orodha ya ukaguzi

Muuguzi msimamizi amekuja na wazo kwamba karatasi yote iwe orodha ya kuwekea alama ya vema, kama ile ya upasuaji ya Shirika la Afya Duniani. Orodha ile ya 2008 ina vipengele 19 na imeokoa maisha, hilo halina ubishi. Lakini inawakumbusha watu wanaojua. Daktari wa upasuaji hafundishwi na orodha namna ya kushika kisu. Asili ya orodha hizi ni urubani: Oktoba 30, 1935, huko Ohio, Marekani, ndege ya majaribio ya Boeing, Model 299, iliruka ikaanguka kwa sababu vifungio vya usukani wa mkia, vinavyowekwa ndege ikiwa imeegeshwa, havikufunguliwa. Waliokuwa ndani walikuwa marubani hodari. Hawakuhitaji kufundishwa kufungua vifungio, walihitaji kukumbushwa.

Mgonjwa wa siku ya kwanza anahitaji kufundishwa. Lakini nilipokuwa nabisha nikaona kwamba msimamizi ana nusu ya hoja: mgonjwa wa mwezi wa pili ni rubani. Ameshajua mkanda unafungwa wapi. Kinachomponyoka ni dakika 5, egemeo, na kunyamaza. Kumsomesha hatua zote kila asubuhi ni kumfundisha kuiacha karatasi kwenye droo.

Kwa hiyo pande mbili zina kazi mbili. Upande wa kwanza unafundisha, hatua kamili na picha. Upande wa pili una jedwali, na juu ya jedwali mistari mifupi: Haja ndogo. Dakika 5 kimya. Mgongo kitini, miguu sakafuni, usikunje nne. Mkanda kwenye ngozi, usawa wa moyo. Nyamaza. Pima mara mbili. Kila siku anapokuja kuandika namba, mistari hiyo iko juu ya kalamu yake.

Alhamisi. Picha

Mchoraji alileta picha ya mtu amekaa, inayoonekana kutoka mbele. Nzuri sana, na kila mjaribu aliyeitazama alisita kuhusu kushoto na kulia, kwa sababu mkono wa kushoto wa mtu anayekutazama uko upande wako wa kulia. Kwa mkanda tumebadilisha: mkono unaonekana kutoka juu, kama mtu anavyouona wake mwenyewe ukiwa mezani, kiganja juu, mpira unashuka kwenye kidole cha kati. Kwa mkao tumebakisha mtu mzima, lakini wa kuonekana kutoka ubavuni, maana kutoka ubavuni ndiko egemeo, nyayo na usawa wa moyo vinaonekana kwa pamoja. Mstari mmoja wa nukta unatoka moyoni kwenda kwenye mkanda.

Tumekataa picha za kamera. Zinaonyesha kila kitu, hadi mkunjo wa kitambaa cha meza, na jicho halijui litazame wapi. Mchoro una mkono, mkanda, mpira, basi. Kila mchoro umekaa pembeni ya hatua yake na una namba ile ile ya hatua. Nimefuta "tazama mchoro hapo chini" zote.

Ijumaa. Kukata

Siku ya mkasi. Nimesoma kila mstari nikiuliza: nikiutoa huu, mkono gani utakosea? Usiokuwa na jibu umeondoka. Shukrani kwa mtumiaji imeondoka. Aina za betri zimeondoka, zimo ndani ya kifuniko cha mashine yenyewe. Orodha ya alama za hitilafu imebaki mstari mmoja: "Skrini ikionyesha E badala ya namba: fungua mkanda, rudi hatua ya 5." Haimwelezi E ni nini. Inamwambia arudi wapi.

Saizi ya mkanda ilitaka kuondoka, nikairudisha kwa njia nyingine. Msomaji hawezi kurekebisha mkanda mdogo nyumbani, kwa hiyo si hatua yake. Nimeipeleka kwa anayegawa mashine: anapima unene wa mkono, anatoa mkanda unaolingana, ndipo anatoa karatasi. Mstari huo sasa uko kwenye maelekezo ya kliniki, na yangu imepungua mstari mmoja.

Hatua ya kufunga mkanda, baada ya yote, inasomeka hivi:

"5. Funga mkanda juu ya kiwiko, kwenye ngozi. Acha nafasi ya vidole viwili juu ya kiwiko. Geuza kiganja juu. Mpira ushuke kuelekea kidole cha kati. Ingiza vidole viwili ndani ya mkanda. Visipoingia, legeza. Vikiingia na nafasi ikabaki, kaza."

Ndiyo ndefu kuliko zote kwenye karatasi. Muuguzi aliuliza kama haiwezi kugawanywa. Nimeijaribu imegawanywa: watu walitoa mkono kwenye mkanda kati ya hatua na hatua kutafuta walipofikia, mkanda ukateleza. Inabaki moja. Kubonyeza kitufe, upande wake, kumebaki na mistari yake mitatu ya Jumatano.

Chini kabisa kuna namba ya toleo na tarehe, kwa herufi ndogo, ili toleo hili likibadilishwa kliniki ijue ipi ya kutupa.

Hali ya mradi

Faili imekwenda kwa mchapaji: karatasi nzito isiyong'aa, maana inayong'aa inarudisha mwanga wa taa machoni pa mtu asiyeweza kuinyanyua. Kuna ombi la toleo kwa anayempima mtu mwingine, mzazi au mgonjwa wa kitandani. Nilidhani litakuwa kubadilisha "kaa" kuwa "mkalishe". Nimeanza, na tayari naona silo: yule ana mikono miwili, anaruhusiwa kusoma kwa sauti, na anayetakiwa kunyamaza ni mwingine. Hatua za kitufe zinaandikwa upya zote. Naanza na kumtazama muuguzi tena, safari hii akimpima mtu aliyelala.